Boring, annoying, tiresome: namna ya kutaja kwa Kingereza kitu chenye kuchokesha na kitu chenye kusumbua

Mu komine ya Katuba, kama vile mu komine zingine za Lubumbashi, watu wengi wanajifunza Kingereza saa za magaribi, kisha kazi ao kisha masomo. Wanafunzi wa sekondari, mafundi wa motokari, wamama wenye kuvuka Kasumbalesa kwenda kununua vitu, vijana wenye kutafuta kazi mu mugodi: kila mutu na sababu yake. Salamu zinaingia mbio. Hesabu pia. Lakini kuna kona moja yenye kuangusha hata wale wenye kumaliza miaka miwili mu masomo. Ni kona ya kusema kama kitu fulani kinachokesha, ao kama kitu fulani kinasumbua.

Kosa lenyewe iko ndogo kwa macho. Mutu ameitwa na kampuni juu ya kazi. Wanamuuliza kwa Kingereza sababu gani aliacha kazi ya kwanza. Anataka kusema kama kazi ile ilimuchokesha moyo, haikukuwa na kitu kipya. Anajibu: "I was boring." Kwake amesema "nilikuwa nimechoka na kazi". Lakini wale wenye kukaa mbele yake wamesikia: "nilikuwa mutu mwenye kuchokesha wengine." Amejizarau yeye mwenyewe, tena hajui. Herufi tatu za mwisho njo zilifanya kazi ile yote.

Makala hii inaeleza maneno ya Kingereza yenye kutumika kwa mambo ya namna hiyo, fasi yalitoka, tofauti yake na Kifaransa, na namna Kiswahili ya hapa inaweza kusaidia mutu kuyashika.

Neno moja ya Kifaransa, maneno mawili ya Kingereza

Shida ya kwanza inatoka ku Kifaransa. Mu Congo, luga ya serikali ni Kifaransa, na katiba ya 2006 inataja luga ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Mwanafunzi wa Katuba anajifunza Kingereza akipitia Kifaransa: mwalimu anaandika neno la Kingereza ku tablo, pembeni anaandika la Kifaransa.

Sasa, Kifaransa iko na neno "ennuyeux". Neno hilo linabeba mizigo miwili. Kitabu chenye hakina utamu ni "ennuyeux". Na mupira wa pikipiki wenye kupasuka wakati mutu anakimbilia kazi, nayo ni jambo "ennuyeux". Mufaransa haoni shida, anaelewa kufatana na mambo yenye wanazungumuzia.

Kingereza hakikubali vile. Kinagawanya. Kitu chenye kukosa utamu, chenye kufanya akili ilale, ni "boring". Kitu chenye kukwaruza roho, chenye kufanya mutu akasirike kidogo, ni "annoying". Hotuba ya saa tatu bila maana ni boring. Mbu mwenye kuimba mu sikio usiku ni annoying. Mbu hawezi kuwa boring, juu hakuna mutu mwenye kulala usingizi sababu ya mbu. Njo maana mwanafunzi mwenye kutafsiri "ennuyeux" kila mara kwa neno moja tu atapata nusu ya jibu.

Kiswahili ya Lubumbashi nayo inajua tofauti hiyo. Mutu wa hapa anasema "hii kintu inachokesha" kwa hotuba, na "hii kintu inasumbua" kwa mbu. Hawezi kuchanganya. Kwa hiyo, kwa neno hili, mwanafunzi mwenye kuacha Kifaransa pembeni kidogo na kupitia Kiswahili anafika mbio zaidi.

Fasi maneno haya yalitoka

Kitu cha kushangaza ni kwamba "annoying" na "ennuyeux" ni ndugu wa baba mumoja. Waroma wa zamani walikuwa na namna ya kusema kwa Kilatini "in odio", maana yake "mu chuki". Kutokea pale kulitoka neno la Kifaransa ya zamani, lenye maana ya kuchukiza ao kusumbua. Kisha Wanormandi kuingia Uingereza mu mwaka wa 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia mu Kingereza, na hilo pia likaingia, likakuwa "annoy". Kule Ufaransa ndugu yake akabakia, akakuwa "ennuyer". Miaka ikapita. Yule wa Uingereza akabakia na maana ya kusumbua. Yule wa Ufaransa akaongeza maana ya kuchokesha. Sawa vile watoto wawili wa familia moja, mumoja akakomalia Likasi, mwingine akakomalia Kalemie: sura ni moja, lakini namna ya kusema imebadilika.

"Boring" iko na historia ingine. Kitendo "to bore", kwa maana ya kuchokesha mutu na maneno, kinaonekana mu maandishi ya Waingereza mu karne ya 18, na wenye kuchunguza luga hawakubaliane fasi kilitoka. Lakini kuna "to bore" ingine ya zamani zaidi, yenye maana ya kutoboa. Hiyo njo watu wa Katuba wanaijua bila kujua kama wanaijua. Kisima cha kutoboa na mashini, kile tunaita "forage", Wazambia wanakiita "borehole": tundu lenye kutobolewa.

Mu mambo ya migodi maana hiyo ya pili iko hai. Mutu mwenye kusoma tangazo la kazi na kukuta "boring machine" asifikiri kama kampuni inazarau mashini yake. Ni mashini ya kutoboa. Kwa hiyo "boring" moja inaweza kukuwa hotuba, na "boring" ingine inaweza kukuwa tundu mu jiwe. Maneno ya pembeni njo yanaonyesha.

Neno la tatu ni "tiresome". Hilo ni jepesi kwa Muswahili: "tire" ni kuchokesha, na "some" ya mwisho inaonyesha tabia ya kitu. Kwa hiyo tiresome ni "chenye kuchokesha" neno kwa neno. Tena, kama Kiswahili yetu, linagusa pande zote mbili: kitu kinachokesha na kinaanza kukasirisha. Mutoto mwenye kuuliza swali moja mara makumi mawili ni tiresome. Shida ni moja tu: vijana wa Zambia ao wa Afrika ya Kusini hawalitumie sana mu mazungumuzo. Linapatikana zaidi mu vitabu na mu midomo ya watu wazima.

Mwisho wa neno: -ing na -ed

Hapa njo pana moyo wa mambo. Kingereza iko na maneno mengi yenye kwenda wawili wawili: boring na bored, annoying na annoyed, tiring na tired, interesting na interested, frightening na frightened. Kanuni ni hii: -ing inaonyesha kile chenye kuleta hali, na -ed inaonyesha yule mwenye kuipokea.

Kwa Kifaransa kanuni hiyo haionekane wazi, juu Mufaransa anasema "je m'ennuie", kitendo chenye kurudia kwa mutu mwenyewe. Tena "je suis ennuyé" mara nyingi iko na maana ya "niko na shida kidogo", haina maana ya kukosa utamu. Mwanafunzi mwenye kufata njia hiyo anapotea.

Lakini Kiswahili iko na ufunguo. Kila mutu wa Katuba, hata mutoto wa miaka mitano, anajua tofauti ya "kuchoka" na "kuchokesha". Anajua "kukasirika" na "kukasirisha", "kuogopa" na "kuogopesha", "kushangaa" na "kushangaza". Ile "-sha" ao "-za" ya mwisho inaonyesha mwenye kuleta jambo. Basi:

Chenye kuchokesha ni boring. Mwenye kuchoka nacho ni bored.

Chenye kukasirisha ni annoying. Mwenye kukasirika ni annoyed.

Chenye kuogopesha ni frightening. Mwenye kuogopa ni frightened.

Chenye kushangaza ni surprising. Mwenye kushangaa ni surprised.

Mwanafunzi mwenye kusimama mbele ya mutu na kusahau, ajiulize mu moyo kwa Kiswahili: "Minachoka, ao minachokesha?" Kama jibu ni "minachoka", atumie -ed: "I am bored." Kama jibu ni "eko nachokesha", mutu mwingine ao kitu kingine, atumie -ing: "He is boring", "The film is boring." Ufunguo huo hauombe garama, na hauombe kitabu.

Kuna kitu kimoja cha kuchunga. "Kuchoka" ya Kiswahili ni pana. Mutu mwenye kubeba mifuko ya saruji siku muzima amechoka. Mutu mwenye kukaa muchana muzima bila kazi, naye anasema amechoka. Na mutu mwenye kusikia uongo ule ule kila siku, naye anasema "nimechoka nabo". Kingereza kinatenga watatu hao. Wa kwanza ni "tired". Wa pili ni "bored". Wa tatu ni "tired of", yaani tired pamoja na ka-neno kadogo "of" kisha yake. "I am tired" ni mwili. "I am tired of lies" ni moyo. Mutu akisahau ile "of", wenzake watamuletea kiti akae, na yeye alitaka kulalamika.

Maneno madogo mengine ni haya: bored with ao bored by, kwa kitu chenye kumuchokesha mutu, annoyed with, kwa mutu mwenye kumukasirisha, annoyed about, kwa jambo. Hayana kanuni ya kueleza. Yanashikwa pamoja na neno lake, sawa vile mutoto anashika jina pamoja na sura.

Mifano ya kila siku

Njia nzuri ya kushika maneno haya ni kuyapeleka ku mambo yenye mutu anaona kila siku, si ku mifano ya vitabu vyenye kuzungumuzia teluji na treni za London.

Mustari wa malori ku Kasumbalesa, kilometa 90 hivi toka Lubumbashi, unaweza kushika siku nyingi. Kwa musaidizi wa shofere mwenye kulala chini ya lori, kungojea ni boring: hakuna kitu cha kufanya. Kwa mwenye muzigo, kungojea kule ni annoying: feza inapotea kila siku. Jambo ni moja, watu ni wawili, maneno ni mawili. Wote wawili wako na haki.

Umeme kukatika wakati wa kupiga pasi ni annoying. Usiku wote bila umeme, bila televizio, bila simu yenye moto, unaweza kukuwa boring. Jirani mwenye kufungua muziki mukubwa hata saa nane ya usiku ni annoying. Mukutano wenye kuanza saa ine na wenye ulipangwa saa mbili ni annoying mbele ya kuanza, na pengine ni boring kisha kuanza. Kazi ya kuhesabu mifuko ya unga, mufuko kwa mufuko, siku muzima, iko na neno lake tena: "tedious". Tedious inatoka ku Kilatini, na ni kwa kazi ndefu yenye kurudia kitu kile kile. Haina matusi ndani yake. Mutu anaweza kusema kwa mukubwa wake "This work is tedious", na mukubwa ataelewa kama mutu anaona kazi ni ndefu na yenye kuchokesha.

"Dull" nayo ni jirani. Siku ya mawingu mu mwezi wa kwanza ni dull. Kisu chenye hakikate ni dull. Hotuba yenye haina moto ni dull. Lakini mutu kuitwa dull ni matusi, maana yake akili yake ni nzito.

Maneno ya kuchunga

Neno moja lenye vijana wanalipata mu filme na mu nyimbo za Marekani ni "lame". Wanalitumia kwa kitu chochote chenye hakina utamu: michezo, nguo, maneno ya mutu. Ni vizuri wajue maana yake ya kwanza. Lame ni kilema wa muguu, mutu ao nyama mwenye kuchechemea. Kulifanya neno la kuzarau ni kusema kama kilema na kitu cha bule ni kimoja. Mu kila kitongoji cha Lubumbashi kuko watu wenye kutembea na fimbo ao na kiti cha magurudumu, na wengine wanajifunza Kingereza mu kikao kile kile. Mwalimu mwenye hekima analieleza neno hilo ili wanafunzi waelewe filme, kisha anawaonyesha "boring", yenye haiumize mutu.

Neno la pili la kuchunga ni "nervous". Mu Kifaransa ya hapa, mutu akisema fulani ni "nerveux", wote wanaelewa kama amekasirika, na "énervant" ni kitu chenye kukasirisha. Lakini kwa Kingereza, "nervous" ni mutu mwenye wasiwasi, mwenye moyo kupigapiga. Mutu mwenye kusema "I was nervous with my boss", akifikiri amesema alimukasirikia, amesema alimuogopa. Kwa hasira, neno ni "annoyed" kama ni kidogo, na "angry" kama ni kubwa. Tena Kingereza iko na neno "enervating", lenye kufanana sana na "énervant", lakini maana yake ni chenye kumaliza nguvu. Joto kubwa ni enervating. Jirani wa muziki si enervating, ni annoying.

Ya tatu ni kusema "boring" kwa mutu. Kwa kitu, neno hilo ni jepesi. Kwa mutu, linauma. Mutoto wa Katuba hawezi kusimama mbele ya muzee na kumwambia "unatuchokesha". Kingereza, hata kama watu wengi wanafikiri ni luga ya kusema waziwazi, nacho iko na adabu yake. Mwenye kusoma habari ya mwenzake atasema "It is a little long", maana yake ni ndefu kidogo, ao "It is not very interesting for me". Ile "for me" inaonyesha kama ni mawazo yake tu, pengine mwingine atapenda. Mama mwenye kuuzisha hatamwambia mununuzi "You are annoying", hata kama amepunguzisha bei mara tano. Atasema "Please, this is my last price", na maneno yamekwisha.

Namna ya kutamka

Watu wengi wa Katanga, zaidi wale wenye luga ya wazazi haitenge "r" na "l", wanatamka "boring" kama "bolingi". Wenye kujua Lingala wanacheka, juu inakaribia "bolingo", ni kusema mapendo. Kicheko si kibaya, kinasaidia kukumbuka. Lakini ku mupaka ao ku kazi, "bolingi" haitaeleweka, ao itasikika kama "bowling", muchezo wa kuangusha vipande vya mbao na mupira muzito. Kwa hiyo "r" ya katikati inaomba mazoezi: ulimi usiguse juu.

"Bored" inatamkwa kwa pigo moja, kama "bood". Si "bo-red", mapigo mawili. Ni sawasawa kwa "annoyed", yenye mapigo mawili tu: "a-noid". Herufi "e" ya "-ed" imeandikwa lakini haisemwe. Iko inasemwa tu wakati mbele yake kuna "t" ao "d", kama mu "interested" na "excited". Na "tedious" inatamkwa "ti-di-as", haina "te" ya mwanzo kama mu Kifaransa.

Sababu gani Kingereza mu Katuba

Wengine wanauliza kama ni lazima kujisumbua, juu Kifaransa na Kiswahili zinatosha. Historia ya muji inajibu. Lubumbashi, yenye iliitwa Élisabethville wakati wa Wabeleji, ilianzishwa mu 1910, na reli ya kwanza kufika ilitoka kusini, upande wa makoloni ya Waingereza. Union Minière du Haut-Katanga, yenye iliundwa mu 1906, ilikuwa na feza za Wabeleji na za Waingereza. Mbele ya miaka ya 1930, wafanyakazi wengi waliandikwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yenye sasa ni Zambia. Kingereza kilisikika mu migodi na mu maduka mbele Kifaransa kukamata nguvu.

Alama zake zimebakia mu Kiswahili ya hapa. Motokari, bulangeti, buku, tiketi: wazee wanayasema kila siku bila kufikiri kama ni Kingereza. Katuba yenyewe, yenye ilijengwa mu miaka ya 1950 wakati muji ulikuwa unapanuka, ilijazwa na familia za wafanyakazi wenye waliishi na maneno hayo. Vijana nao wanaendelea: Kindubile, luga ya barabara ya Lubumbashi, inachanganya Kiswahili, Lingala, Kifaransa na Kingereza bila kuomba ruhusa.

Leo sababu ni za mukate. Upande wa pili wa Kasumbalesa, Kingereza njo luga ya serikali, ya hospitali na ya masomo. Mugodi wa Kinsevere, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, unaendeshwa na MMG, kampuni yenye ofisi mu Australia. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi mu Lualaba, ni ya Ivanhoe Mines ya Kanada pamoja na washiriki wake. Congo iko mu SADC toka 1997, na mu Jumuiya ya Afrika ya Mashariki toka 2022. Mu umoja zote mbili Kiswahili pia inakubaliwa, na hiyo ni heshima kwa watu wa mashariki. Lakini barua nyingi zinaandikwa kwa Kingereza.

Kijana mwenye diploma ya mekanike na mwenye kushindwa kueleza kwa maneno matano sababu aliacha kazi anaweza kupitwa na mwingine mwenye mikono isiyokuwa na ujuzi kama yake. Hiyo haiko haki, lakini inatokea. Njo maana tofauti ya -ing na -ed haiko mambo ya mwalimu peke yake.

Kushika neno bila kulipoteza

Walimu wa Kingereza wanapatana juu ya jambo moja: neno lenye halitumiwe linakufa kisha wiki. Kwa maneno haya, kuna mazoezi matatu yenye hayaombe feza.

La kwanza, magaribi mutu aandike mistari miwili tu juu ya siku yake: kitu kimoja chenye kilikuwa boring, na kitu kimoja chenye kilikuwa annoying. Kisha kila mustari aandike mwingine wa kueleza alisikia nini: "The meeting was boring. I was bored." Kisha mwezi moja atakuwa na mistari zaidi ya mia moja, yote juu ya maisha yake mwenyewe.

La pili, wanafunzi wawili wakae pamoja. Mumoja anasema jambo kwa Kiswahili, "mbu alinisumbua", "sinema ilinichokesha", "nilichoka na maneno yake". Mwingine anajibu kwa Kingereza. Kisha wanabadilisha. Zoezi hilo linafundisha kichwa kutoka moja kwa moja ku Kiswahili mupaka ku Kingereza, bila kupitia "ennuyeux".

La tatu linaombwa zaidi kwa vijana. Kila mara mutu anasema "boring", aongeze "because". "The lesson is boring because it is too long." "The job is boring because I do the same thing every day." Neno "boring" peke yake linafunga mazungumuzo: limehukumu, limemaliza. "Because" inayafungua. Mwalimu akisikia sababu anaweza kubadilisha somo. Muzazi akisikia sababu anaweza kujua kama mutoto ni mvivu ao kama haone vizuri ku tablo. Na mukubwa wa kazi, kama ni mwenye masikio, anaweza kumupa mufanyakazi kazi ingine yenye kumufaa zaidi.